Keria ya Baba

Baiskeli niliyoanzia mbio za BMX ilikuwa na keria ya kubebea unga. Wenzangu wa klabuni nikiwasimulia hivyo wanacheka mpaka wanashika mbavu, nami nawaacha wacheke, maana hata mimi nimeshacheka sana. Lakini wakati ule hakuna aliyecheka nyumbani kwetu. Keria ile ndiyo iliyonipatia baiskeli, na nusura inikoseshe mbio.

Tulikaa Nyamugari, hapa Gitega. Mama alikaanga vitumbua na mandazi, akiuza mlangoni kila asubuhi, na baba alikuwa fundi wa baiskeli. Nikisema fundi sisemi yote. Kwetu ukinunua baiskeli mpya hupandi papo hapo. Unaipeleka kwanza kwa fundi aikaze. Anaongeza chuma chini ya fremu, anaweka uma wa pili wa kuusaidia uma wa mbele, anatoa spoku nyembamba na kutia nene, halafu anaweka keria, ile ambayo huku kila mtu anaiita porte-bagage, yenye uwezo wa kubeba mikungu minne ya ndizi au mke na watoto wawili. Baiskeli ambayo haijakazwa inaonekana haijamalizika kutengenezwa. Baba alikuwa bingwa wa kazi hiyo, na sifa yake kubwa ni kwamba hakupenda nati. Alisema nati hulegea. Yeye kila kitu alikichomelea kwa moto, na alichokichomelea baba hakuna aliyewahi kukiona kimeachia.

Alikuwa na sababu zake. Ujanani alikuwa mbeba ndizi. Alipakia mikungu Gasorwe na kuiteremsha kwa baiskeli mpaka soko la Muyinga, na siku nyingine alizunguka hadi Gashoho. Siku moja breki ilimkatikia mteremkoni, akaingia mtaroni yeye na ndizi zake, na alama ya siku hiyo iko kwenye goti lake la kushoto mpaka leo. Alipopona aliapa kwamba hatabeba tena mzigo kwa baiskeli maishani mwake. Akahamia Gitega, akajifunza ufundi, akamwoa mama, na baiskeli yake kubwa ya ndizi akaitundika kwenye msumari ukutani mwa karakana. Haikushuka. Mtu akimwomba ampelekee hata kilo mbili za sukari mtaa wa pili, jibu lilikuwa lile lile: "Mi niko fundi, si mubebaji."

Mama alishamzoea. Mashine ya kusaga iko juu kilimani, upande wa soko, na unga wa vitumbua aliubeba mwenyewe kichwani, kila baada ya siku mbili, kuteremka mpaka nyumbani. Miaka ikapita, shingo ikaanza kumsumbua. Jioni alikuwa akijikanda mafuta ya moto huku akigeuza kichwa taratibu, upande huu na upande ule. Kaka zangu walikuwa wamekwenda Bujumbura kutafuta maisha, nami nilikuwa kwa jirani nikijifunza cherehani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na cherehani niliichukia. Mimi si mtu wa kukaa. Nikishona mshono ulionyooka, kufika mwisho wake nilikuwa nimeshachoka kuishi. Mwalimu wangu aliniambia wazi kwamba nguo zangu zinaonekana zimeshonwa na mtu anayekimbizwa.

Basi alikuwako mfanyabiashara mmoja, Mkongo wa Uvira, mwenye duka Muyinga. Alinunua baiskeli zilizotumika, zile za mtumba kutoka Ulaya, na kila shehena ilipopita Gitega alizishusha kwa baba zikazwe kabla ya kuuzwa. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, na alipoongea alionekana bado anaimba. Safari moja, katikati ya baiskeli kubwa, zilikuja nane ndogo ndogo. Magurudumu mafupi, kiti kiko chini karibu na magoti, usukani mpana umeinuka, gia moja, breki ya nyuma tu. Nilidhani ni za watoto. Nilipopanda moja nikaona sivyo, maana fremu ilinibeba vizuri na ilikuwa ngumu kama jiwe.

Yule Mkongo alikuwa na huzuni nazo. Watu wa Muyinga waliziangalia wakauliza mwenye kupanda atakaa vipi na mzigo utafungwa wapi, wakaondoka. Ndipo alipotuonyesha kwenye simu yake video ya watu wa nchi za mbali wakishindana kwa baiskeli za namna hiyo. Wanane wanasimama juu ya kilima cha kutengenezwa, ubao unaanguka mbele yao, wanatoka wote kwa pamoja, wanapanda matuta na kuyashuka, wanaruka, wanazunguka kona zilizoinuliwa upande mmoja, na chini ya dakika moja imekwisha. Nilimwomba airudishe. Akairudisha. Nikamwomba tena. Mara ya nne alininyang'anya simu yake akasema betri inaisha.

Wazo lake lilikuwa la kibiashara. Kama watu hawajui baiskeli hii ni ya nini, ni juu yake kuwaonyesha. Chini ya Muyinga kulikuwa na bonde ambamo wachoma matofali walichimba udongo kwa miaka mingi, na lilibaki mashimo na vilima vitupu. Alishaongea nao wamsaidie kuvisawazisha viwe matuta. Angefanya mashindano Jumapili moja, baada ya ibada, mwenye kutaka aje. Na moja ya zile baiskeli, iliyokuwa imepinda gurudumu, alimwachia baba kuwa shukrani ya kazi ya miaka yote.

Baba hakuwa na haja nayo. Mimi nilikuwa nayo kuliko nilivyowahi kuhitaji kitu chochote, na nilisema hivyo palepale, bila aibu. Baba akasema tumuulize mama. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akakizunguka kile kibaiskeli mara mbili, akauliza swali moja tu: "Itabeba unga?"

Hapo ndipo makubaliano yalipofanyika. Baiskeli ni yangu, mashindano nitakwenda, lakini unga wa vitumbua ni juu yangu, kila baada ya siku mbili, na shingo ya mama ipumzike. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Ningekubali hata kubeba mawe.

Baba akaingia kazini. Ninamwona mpaka sasa, kofia yake ya kufuma imesogezwa nyuma, akiiangalia ile baiskeli kwa huruma ya daktari. Kwanza aliweka chuma cha ujenzi chini ya fremu. Kisha uma wa pili. Kisha keria, kubwa, ya nondo, akaichomelea sehemu sita. Baiskeli yenyewe ikawa haionekani vizuri. Halafu akakumbuka ile video, na kwamba wale washindani wote walikuwa wamesimama juu ya pedeli. Alikuwa amelifikiria sana jambo hilo. "Banasimama sababu kiti iko mubaya," aliniambia, na akanitengenezea kiti kipya, kirefu kwenda juu, chenye sponji nene na ngozi nyekundu ya plastiki yenye shada pembeni, kama viti vya baiskeli za abiria. Nyuma akaweka madigadi, na kwenye kile kipande cha mpira kinachoning'inia chini yake akaandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa za kupendeza: POLE POLE.

Nikamwambia baba, hii ni ya mashindano. Akajibu kwamba ndiyo maana.

Mimi nilijifunza peke yangu. Barabara ya nyuma ya mtaa ilikuwa inatengenezwa, na wajenzi walikuwa wameacha malundo ya udongo mwekundu yaliyopangana mstari mzima. Baada ya sala ya alfajiri, kabla mama hajahitaji moto kuchochewa, nilivaa suruali ndani ya dera, nikafunga mtandio vizuri, nikavaa kofia ngumu ya pikipiki niliyoazima, nikaenda kuyavamia. Wiki ya kwanza nilikaa kwenye kiti cha baba, na kila lundo lilinirusha juu na kunipokea tena mahali nisipotaka kupataja. Wiki ya pili niligundua kwamba wale watu wa video hawakusimama kwa sababu ya ubaya wa kiti. Ukisimama, magoti na viwiko vinafanya kazi. Unaisukuma baiskeli chini inapoteremka tuta, unaivuta inapopanda, na tuta lenyewe linakupa mwendo. Siku nilipopata hilo nilipita malundo matano mfululizo bila kukanyaga pedeli hata mara moja, na nilicheka peke yangu kwa sauti mpaka muuza maziwa akasimama kuniangalia.

Keria, hata hivyo, ilikuwa na mawazo yake. Nilipoinuka, ilibaki. Niliposhuka, ilinifuata na kunigonga kiunoni. Mtaani waliniita mama unga. Nilikuwa nikirudi mashineni na mfuko nyuma, magoti yananifika kifuani, dera limekunjwa, na watu wazima walitoka madukani kuniona. Sikujali hata kidogo. Mama aliacha kujikanda mafuta jioni. Alianza kugeuza kichwa akiitwa, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka miwili, kwa sababu alikuwa akigeuka mwili mzima. Asubuhi moja nilimsikia akiimba huku akikaanga. Kwa hiyo keria ile niliilaumu kiunoni na kuishukuru moyoni, kwa wakati mmoja.

Ijumaa kabla ya mashindano, baada ya sala ya adhuhuri, baba na mimi tulipanda gari la Muyinga kwa njia ya Karuzi, baiskeli imefungwa juu. Tulilala kwa mama yangu mdogo, ambaye kwa siku mbili alitulisha wali na maharage na kuniuliza kama nimechumbiwa. Baba alikuwa amebeba mfuko wake wa vyombo, kama kawaida. Hasafiri bila vyombo hata akienda msibani.

Jumapili tuliteremka bondeni. Wachoma matofali walikuwa wamefanya kazi ya ajabu. Kulikuwa na kilima cha kuanzia, matuta kumi au zaidi, kona tatu za udongo uliopondwa na kuinuliwa, na pale mwanzoni ubao mrefu ulioshikwa na wanaume wawili ili uangushwe mara moja. Watu walijaa kingo zote za bonde, wengine wametoka kanisani na nguo zao nzuri, wengine wamekaa juu ya matofali mabichi na kufukuzwa na wenyewe. Yule Mkongo alikuwa bado na suti yake ya kwaya, na viatu vyake vyeusi vimeshakuwa vyekundu.

Alipoiona baiskeli yetu aliitazama kutoka mbele hadi kwenye ule mpira wa nyuma. Kisha akacheka, akainama akashika magoti, akacheka tena. Nilihisi uso unawaka. Baba alisimama wima pembeni ya kazi yake, hacheki. Mkongo alipoona hivyo akajikaza, akafuta macho, akamvuta baba pembeni kwa heshima. Lakini alichosema nilikisikia, kwa sababu waimbaji hawajui kunong'ona.

"Fundi, kazi yako iko muzuri, mi najua. Lakini na iyi porte-bagage hawezi kuingia mu course. Akianguka, ile chuma itaua mwenye iko nyuma yake."

Aliongeza kwamba chuma cha chini ya fremu si tatizo, kiti si tatizo, mpira wa nyuma si tatizo, kila mtu apande anavyotaka. Keria tu. Kama ilifungwa kwa nati tuitoe, tutairudisha jioni. Baba akasema haikufungwa kwa nati.

Mimi nilikuwa na ubishi wangu. Nikasema niruhusiwe kupita mara moja peke yangu, waone kwamba haina hatari. Mkongo akakubali, nadhani kwa kumhurumia baba. Nikapanda kilimani, nikashuka. Tuta la kwanza vizuri. La pili vizuri, watu wakaanza kupiga makofi. La tatu lilikuwa kubwa kuliko lundo lolote la Nyamugari. Niliruka, na keria ikaruka baada yangu, kwa wakati wake yenyewe. Gurudumu la mbele likainuka, nondo ikanipiga mgongoni, na nilipoonekana tena nilikuwa nimekaa katika dimbwi la udongo wa matofali, kofia ya pikipiki imegeuka upande, na baiskeli imenilalia. Bonde zima lilicheka. Nisingekuwa mimi ningecheka pia.

Nilitoka dimbwini nikaenda kwa baba, na hapo mzaha ukaniisha. Nilijua vizuri kilichokuwa mbele yetu. Keria ile haiwezi kutolewa ila kwa kukatwa. Ikikatwa, haitarudi palepale na nguvu ile ile, baba mwenyewe ndiye aliyefundisha mtaa mzima kwamba chuma kilichokatwa mahali pa kuchomelea kinakuwa si cha kuaminiwa. Na kama nitaendelea na mbio, maana nilijua nikianza leo sitaacha, keria haitakaa tena juu ya baiskeli hii. Na mfuko wa unga utarudi kwenye kichwa cha mama. Niliiona shingo yake. Nilimwona akigeuka mwili mzima akiitwa.

Nikamwambia baba tuache, turudi nyumbani. Nilisema kwamba nimeshaona, inatosha. Nikaanza kulia, na si kilio cha kupendeza, kilikuwa cha kamasi na udongo. Niliona uchungu ambao sikuwahi kuuona, kwa kuwa safari hii hakukuwa na mtu wa kumkasirikia. Mama hakuwa na kosa. Baba hakuwa na kosa, alinipa kilicho bora katika anachokijua. Na mimi sikutaka ushindi wangu ukae juu ya shingo ya mtu.

Baba aliniangalia muda mrefu. Akaangalia matuta, halafu akaangalia juu, kwenye barabara ya Gasorwe inayopita ukingoni mwa bonde, ambako wabeba ndizi walikuwa wamesimamisha baiskeli zao kutazama. Kisha akaniuliza swali ambalo akina baba wa kwetu hawaulizi mabinti zao mara nyingi.

"We, iyi kitu unaipenda kabisa?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Akapiga magoti, akafungua mfuko wa vyombo, akatoa msumeno wa chuma.

Kukata kulichukua karibu saa nzima. Sehemu sita, na kila moja alikuwa ameichomelea kana kwamba baiskeli itarithiwa na wajukuu. Msumeno ulilia, jasho likamtiririka hadi kidevuni, mashindano ya raundi mbili yakapita bila sisi. Wachoma matofali walikuja kumzunguka, wakamuuliza ni fundi gani mwenye roho mbaya aliyechomelea hivi. Baba akasema hamfahamu. Msumeno wa kwanza ukakatika kwenye sehemu ya nne, na nilipomwangalia usoni niliona kitu ambacho nilikuja kukielewa baadaye: alikuwa anaumia, na papo hapo alikuwa anajivunia. Alitoa msumeno wa pili. Keria ilipoanguka chini hatimaye, watu walipiga makofi kuliko walivyowapigia washindi wa raundi zile mbili. Baba alisugua ncha zilizobaki kwa tupa mpaka zikawa laini, akapitisha kidole gumba, akanipa baiskeli. Hakuniambia nishinde wala niwe mwangalifu. Aliniambia mnyororo uko sawa.

Raundi ya mwisho, ya waliokuwa bado hawajapanda, tulikuwa watano. Wanaume watatu, mmoja wao mbeba ndizi mwenye miguu kama nguzo, mimi, na dada mmoja aliyekulia kambini kwa wakimbizi, Tanzania, na kurudi na wazazi wake, mrefu, kimya, amefunga kitenge kiunoni juu ya suruali. Ubao ukaanguka. Mimi nilikuwa nimezoea chuma kizito nyuma yangu, na nguvu niliyoitoa ilikuwa ya kuvuta mfuko wa unga. Mfuko haukuwepo. Baiskeli ilinikimbia chini ya miguu. Tuta la kwanza nilikuwa wa pili, na sikujua hata nimefikaje. La tatu, lile langu, nililivuka hewani na kutua kwa magurudumu yote mawili, na nilisikia mdomo wangu mwenyewe ukipiga kelele. Kona ya kwanza niliingia kwa kasi kuliko akili, nikapanda juu mpaka ukingoni, mwanamume mmoja akanipita kwa chini. Mbeba ndizi alikuwa mbele kabisa, haonekani ila mgongo. Mwanamume wa tatu alianguka dimbwini mwangu, na akanipa heshima ya kujua kwamba si mimi tu.

Nilimaliza wa tatu. Nilipovuka mstari sikujua kusimama, nikaingia katika rundo la majani makavu ya kufunikia matofali na kubaki humo nikipumua. Yule dada akaja, akasimamisha baiskeli yake, akaninyooshea mkono anitoe. Alikuwa wa nne. Aliongea Kiswahili kile cha Tanzania, kilichonyooka.

"Nimesoma hiyo pole pole yako tangu kona ya kwanza," alisema. "Ungeandika kitu kingine, ningekupita."

Ndipo tulipocheka, sisi wawili, tumekaa juu ya majani. Sikuwa nimefikiria hata siku moja kwamba maandishi ya nyuma husomwa na aliye nyuma tu. Mkongo alikuwa akipiga makofi na kuimba. Siku ile aliuza baiskeli zote alizobakiwa nazo, na mpaka leo anadai mimi ndiye niliyemharibia mashindano kwa kumchekesha.

Baba hakuja kunikumbatia. Alikuja akainama, akazungusha gurudumu la nyuma, akalisikiliza. Kisha akasema halijapinda, na akalisema mara mbili.

Tulirudi Gitega kesho yake. Baiskeli juu ya gari, na keria ilikuwa mapajani mwa baba njia nzima, imefungwa kwa shuka ya mama yangu mdogo isichafue watu. Abiria mmoja alimuuliza ni kitu gani. Akasema ni kazi yake. Mimi nilikaa dirishani nikiangalia vilima vya Karuzi, na furaha ya jana ilikuwa inanipungua kadiri tulivyokaribia nyumbani. Nilikuwa nikijipanga maneno. Nitamwambia mama kwamba nitabeba unga kichwani mwenyewe, kila baada ya siku mbili, alfajiri. Nilijua vilevile kwamba alfajiri ndio muda wa malundo, na kwamba baada ya mwezi mmoja nitakuwa nimechagua, na mimi ninajijua nitachagua nini.

Mama alikuwa mlangoni. Aliuliza kama nimeumia. Nikasema hapana. Aliuliza kama nimemaliza. Nikasema wa tatu. Akatabasamu, kisha macho yake yakashuka kwenye baiskeli, yakaenda nyuma, yakasimama pale ambapo keria ilikuwa. Mkono wake ulipanda wenyewe ukagusa shingo, kidogo tu, nadhani bila yeye kujua. Nilifungua mdomo niseme maneno yangu.

Baba akanitangulia. Alikuwa akivua viatu, na hakuinua kichwa.

"Unga nitaleta mi."

Mama akamwangalia, akaniangalia mimi, akamwangalia tena. Akaingia jikoni. Nilisikia sufuria ikiwekwa, halafu pua ikivutwa.

Jumanne asubuhi baba alishusha baiskeli kubwa kutoka kwenye msumari. Matairi yalikuwa yamepasuka, mnyororo umekuwa kitu kimoja kwa kutu. Alifanya kazi mpaka adhuhuri. Keria ya nondo aliiweka nyuma yake, akaichomelea upya, sehemu nane safari hii. Wateja walisimama wakatazama, na hakuna aliyethubutu kumtania. Mimi niliangalia goti lake. Nikachukua spana, nikafungua ule mpira wa POLE POLE kwenye madigadi yangu, nikaenda nikaufunga kwenye yake. Hakuniuliza kwa nini. Alishika baiskeli isitikisike nikaze.

Alasiri tulipanda mashineni wote wawili, na wakati wa kurudi mfuko ulikuwa nyuma yake. Pale mteremko unapoanza alisimama, akavuta breki mara tatu kuzijaribu, akasema bismillahi, akaachia. Alishuka polepole sana, miguu yote miwili ikiburuza chini, mabega yamemkaza. Waendao kwa miguu walimpita. Ningeweza kumpita mara kumi. Nilikaa nyuma yake mteremko wote, mpaka mlangoni kwa mama, nikiisoma ile POLE POLE.